Turudishiwe kura yetu ya bahati nasibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Waswahili wenzangu wa Arizona, hasa sisi tuliokwisha kuapa uraia na sasa tunapiga kura.

Bahati nasibu ya jimbo hili waliipitisha wananchi wenyewe kwa kura mwaka 1980, kwa tofauti ndogo, na tiketi za kwanza zikauzwa Julai 1981. Ilikuwa na ukomo. Muda ukikaribia kwisha, watu huulizwa: iendelee au ifungwe? Waliulizwa 1998, wakaulizwa tena 2002, na mara zote mbili wakasema iendelee.

Mwaka 2010 hawakuulizwa. Uchumi ulikuwa umeyumba, hazina imekauka, Bunge la jimbo likaongeza muda lenyewe hadi 2035 ili likope dola milioni 450 kwa dhamana ya tiketi ambazo hata hazijauzwa. Mwaka huohuo likafuta fungu la hifadhi za jimbo, hadi dola milioni 10 kwa mwaka, ambalo wapiga kura walilitenga mwaka 1990 kutoka fedha hizohizo za bahati nasibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Watu walisema kwa kura hela iende wapi, ikachukuliwa.

Kila Ijumaa nikitoka zamu napita kituo cha mafuta. Nawakuta watu wamevaa sare za kazi, baadhi tunaamkiana kwa Kiswahili, wanakwangua tiketi kwa sarafu juu ya boneti ya gari. Nafasi ya kupata jekipoti, yaani zawadi kubwa, ya mchezo wa bahati nasibu wa Powerball ni moja katika milioni 292, nao wanajua. Sehemu ya jasho lao inaingia serikalini bila kuitwa kodi. Anayeitoa anastahili kuulizwa.

Mimi sichezi kamari, dini yangu hainiruhusu, na siku ya kura ningesema hapana. Jirani yangu angesema ndiyo, kwa kuwa sehemu ya zawadi zisizochukuliwa husaidia mpango wa watu wanaojitolea kuwasemea mahakamani watoto walionyanyaswa. Ana hoja nzito. Basi tupewe karatasi, tushindane hapo.

Nimeshampigia simu mbunge wa eneo langu. Nawaomba ndugu zangu wa Phoenix na Tucson mpige pia, kabla muda haujaongezwa tena kimyakimya.

Msomaji wenu,
Tucson, Arizona