Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Kwenye meza ya klabu utaona mfano wa mfereji wa maji wa Kirumi, tulioujenga kwa udongo, chokaa na vigae vilivyosagwa. Chokaa na vigae ndivyo Warumi walivyotumia kupaka ndani ya mifereji yao ili isivuje.

Warumi hawakuwa wa kwanza. Takribani mwaka 690 K.K., Mfalme Sennacherib wa Ashuru alivusha maji bondeni Jerwan, kaskazini mwa Iraki ya leo, juu ya daraja la mawe, yakielekea Ninawi. Roma ilipata mfereji wake wa kwanza, Aqua Appia, mwaka 312 K.K. Ulikuwa na kilomita 16 hivi, na karibu wote ulipita chini ya ardhi. Matao tunayoyaona vitabuni yalijengwa pale tu ardhi ilipozama.

Mheshimiwa, kilichotushangaza zaidi ni mteremko. Mfereji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, ulisafirisha maji kilomita 50 hivi bila pampu, huku ukishuka mita zisizofika 20 kutoka chemchemi hadi mjini. Mteremko ukizidi, maji yanakula kuta. Ukipungua, yanatuama na kuacha tope. Mafundi walipima kwa meza ya mbao yenye urefu wa mita 6 hivi, iliyoning'inizwa timazi na kuchongwa mfereji mdogo juu wa kutilia maji. Ni pimamaji hiyo, ila ya kubebwa na watu kadhaa!

Kujenga kukiisha, ilibaki kazi ya kulinda. Mwaka 97 B.K. Kaisari Nerva alimteua Sextus Julius Frontinus kusimamia maji ya Roma. Aliyoyakuta aliyaandika: mabomba yametobolewa kwa siri chini ya barabara, na mafundi wa mamlaka yenyewe wanauza maji kwa mlango wa nyuma. Wizi wa maji haukuanzia mtaani kwetu.

Klabu yetu ina changamoto. Hatuna vifaa vya kupimia. Pimamaji tuliyotumia tuliiazima kwa fundi anayejenga uzio wa shule. Tunaomba utusaidie kupata pimamaji, timazi na futi kamba. Ombi la pili ni usafiri wa kwenda Engaruka, wilayani Monduli, tukaone mabaki ya mifereji ya mawe iliyonywesha mashamba karne kadhaa zilizopita. Ile ilikuwa ya kilimo, si ya jiji, lakini nayo ilitegemea mteremko, na wanachama wanataka kuupima wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.