Kabla hamjamkemea baba: barua kwa vijana wasomaji wa Dodoma

Wajukuu zangu,

Nimewasikiliza mkijadili Flight Behavior, riwaya ya Barbara Kingsolver ya mwaka 2012, na nimeona mlivyomshukia mzee Bear. Mroho, mkasema, adui wa mazingira. Nawaandikia kwa sababu likizo hii wengi mnarudi kwenu, Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Kondoa, na baba zenu nao wana miti ya kuuza.

Kwa ambao hawajaisoma: Dellarobia ni mama kijana wa Tennessee, Marekani. Anapanda mlima wa wakwe zake na kukuta bonde zima limewaka rangi ya machungwa. Ni vipepeo, mamilioni, ambao kila mwaka hukimbilia milima ya Mexico wakati wa baridi. Safari hii hali ya hewa imevurugika, wameangukia pasipo pao. Waumini wanaona muujiza; mwanasayansi Ovid Byron anaona msiba. Na Bear, baba mkwe, amekwisha kukubaliana na wakata miti wausafishe mlima wote.

Mkaishia hapo. Mbona hamkuuliza kilichomsukuma? Ana mkopo, na siku ya kulipa inamkaribia.

Kuna mahali nilipasoma mara mbili. Mwanaharakati anamletea Dellarobia orodha ya ahadi za kuokoa hali ya hewa: ukienda kula mgahawani, beba chombo chako. Mama wa watu hajakanyaga mgahawani zaidi ya miaka miwili! Orodha inaendelea hivyo hivyo hadi mwisho: punguza kusafiri kwa ndege.

Nasi tunazo orodha za namna hiyo. Unamwambia mzee aache mkaa atumie gesi, naye mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Januari ikikatika wiki tatu, mahindi yamekwenda, na deni la mbegu liko palepale. Mkaa hausubiri mvua. Baadhi yenu mmesomeshwa kwa magunia hayo, na ni haki mjue.

Amri nayo tumeijaribu. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyoliwa na mmomonyoko. Nyasi zikarudi, makorongo yakatulia, sibishi. Lakini maziwa na samadi viliondoka na ng'ombe, na aliyebaki na pengo hilo ni mwenye kaya.

Kwa hiyo anzeni na deni. Kaeni na baba jioni, mama akiwepo (Hester, mke wa Bear, hakuufurahia ule ukataji, ila nyumbani kwake neno la mume ndilo lililotangulia), muulize kwa adabu: tunadaiwa kiasi gani, na nani, na lini? Wewe unayepata kibarua mjini, sema utabeba kiasi gani. Ukishasema hilo, una haki ya kuzungumzia miti.

Halafu nendeni naye shambani. Tafuteni kisiki cha mgunga alichokata zamani. Mtakuta machipukizi yamesongamana, yanagombania mizizi ileile, ncha zimetafunwa na mbuzi. Chagueni machache manene yaliyonyooka, mengine mpogoe kwa panga kali, gome lisichanike. Yaliyobaki yafungeni kitambaa, wapita njia wajue yana mwenyewe, na mbuzi wachungwe mbali. Hapa kwetu njia hii inaitwa Kisiki Hai. Hununui mche, humwagilii, kwa kuwa mizizi iko chini tayari, na fito mlizopogoa mama atapikia. Mwachieni baba achague machipukizi mwenyewe, maana miti ya shamba lake anaijua kuwashinda.

Na yule ambaye atakuta baba amekwisha kupokea malipo ya awali ya mnunuzi wa mkaa, asigombane naye. Anipigie simu. Nitakuja, tukae sote watatu na huyo mnunuzi, tuone ni miti mingapi inaweza kukombolewa na kwa fedha ipi.

Babu yenu, Dodoma