Mliniuzia ekseli ngumu, mkaniachia pickup isiyofaa kuwekwa fowili

Kwa Meneja,
Idara ya Ufundi na Vipuri,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUBADILISHIWA EKSELI YA NYUMA YA PICKUP

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea pickup yangu ya dizeli, injini ya lita 3 yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), mnibadilishie ekseli ya nyuma. Nililipa shilingi 6,800,000. Kwenye makadirio mliyoyapiga muhuri mmeandika "ekseli nzito ya nyuma, kamili, kufungwa na kulinganishwa na gari". Nakala yake na risiti ya EFD nimeziambatanisha.

Gari hili ni la kazi ya visima. Linabeba jenereta, pampu na mabomba kwenda Kisarawe, Mkuranga na Rufiji, ambako mvua ikinyesha huendi popote bila fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta. Ekseli ya zamani ilikuwa ya aina ambayo shafti inabeba uzito wa gari na hapohapo inazungusha gurudumu, ndiyo maana beringi za nyuma zilikuwa haziishi kulia. Fundi wenu mkuu alinieleza vizuri sana, nami nilimsikiliza. Alisema tabo inatoa nguvu nyingi injini ikiwa bado kwenye mizunguko midogo, na gari likiwa limeshiba mzigo, hapo ndipo shafti na meno ya difu (gia za katikati ya ekseli) yanapoumia. Akanishauri nifunge ekseli ambayo uzito wote unakaa kwenye hausing (ganda la ekseli) na hubu (kitovu cha gurudumu), shafti inabaki na kazi ya kuzungusha tu, hata ikikatika gurudumu halichomoki. Ushauri ule sina ugomvi nao mpaka leo. Ekseli yenyewe ni chuma cha maana, na kwenye lami, ukiwa umeweka tuwili, yaani magurudumu ya nyuma peke yake yanavuta, gari limetulia.

Balaa ni fowili. Kwenye njia ya changarawe huko Kisarawe, dereva wangu aliiweka tu, usukani ukawa mzito na gari likaanza kuvutana lenyewe. Kwenye kona kukatoka mshindo chini ya sakafu, kama nyundo. Alipotaka kurudisha tuwili, gia ya transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) iligoma kutoka mpaka aliporudi nyuma kidogo. Anayejua magari haya ataelewa mara moja kwamba mbele na nyuma hazikubaliani.

Fundi wangu wa mtaani, ambaye hana hata kompyuta ya kupimia, alilinyanyua gari kwenye stendi, akaweka alama ya chaki kwenye propela ya nyuma (shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye difu), akasaidiana na kijana wake kuzungusha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja mara kumi. Propela ikazunguka mara 41 kamili. Akahamia mbele, frii hubu zikiwa zimefungwa ili magurudumu ya mbele yashikane na shafti zake, akafanya vilevile. Propela ya mbele ilizunguka mara 39 na kipande. Maana yake difu ya mbele ni ya meno 43 kwa 11, yaani 3.909, na hii mliyonifungia nyuma ni ya meno 41 kwa 10, yaani 4.100. Transfa ikishafunga fowili, propela zote mbili zinazunguka kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo magurudumu ya nyuma yakizunguka mara 100, ya mbele yanalazimishwa kuzunguka karibu mara 105. Ni watu wawili waliofungwa mguu kwa mguu, mmoja anatembea, mwingine anatroti. Kwenye tope tairi zinateleza na kulimeza tatizo. Kwenye ardhi ngumu hakuna pa kuteleza, mvutano wote unaishia kwenye transfa, propela na difu ya mbele, vitu ambavyo vilikuwa vizima nilipowakabidhi gari.

Kipimo hicho kinahitaji jeki, chaki na macho. Ninyi mna karakana nzima.

Lipo na la pili. Gari lilianza kuchelewa kusimama, na breki ya nyuma kulia ikawa kama haipo. Tulipofungua dramu, breki shuu zilikuwa zimelowa oili ya difu, nyeusi, imeganda na vumbi la breki. Sili haikuwa imechoka. Bomba dogo la kupumulia la difu lilikuwa limebanwa kati ya yubolti (bolti inayokaza springi kwenye ekseli) na springi, limekuwa bapa kabisa. Difu ikipata joto, hewa ya ndani inatanuka, na kama haina pa kutokea inaisukuma oili ipite kwenye sili. Jingine: ule mkono unaounganisha ekseli na vali ya breki ya nyuma, unaopima gari limebeba mzigo kiasi gani, mafundi wenu hawakuufunga kwenye ekseli mpya. Waliufunga kwenye chesisi kwa waya wa kufungia nondo. Picha ninazo. Gari la kubeba mzigo, breki zake zinapangiwa nguvu na waya!

Nilipokuja kulalamika, kijana wenu wa mapokezi aliongea nami kwa adabu, simlaumu. Aliyeniudhi ni msimamizi wa karakana. Bila kuinama kutazama chini ya gari, alisema: "Mzee, hizi za tabo ndiyo zinaua difu. Mwambie dereva apunguze mguu." Sasa tabo ndiyo sababu mliyoitumia kuniuzia ekseli hii, iweje leo iwe sababu ya kunikatalia? Na idadi ya meno ya difu haibadiliki kwa mguu wa dereva. Gari likivutwa na punda hesabu ni ileile.

Ninachotaka ni hiki. Mbadilishe krauni na pinioni ya nyuma (zile gia mbili za difu zenye meno niliyoyataja) iwe 3.909 kama ya mbele, kwa gharama yenu, na kazi hiyo aifanye fundi anayejua kupima nafasi ya meno na kuangalia mguso wake kwa rangi, maana difu iliyofungwa kwa kukisia italia kabla haijafika Chalinze. Mbadilishe sili na breki shuu za nyuma pande zote mbili, mrudishe bomba la kupumulia na mkono wa vali ya breki mahali pake. Transfa na difu ya mbele zifunguliwe zikaguliwe mbele ya fundi wangu, na kilichoumia mkilipe. Mkiona hamuwezi, chukueni ekseli yenu, mnirudishie fedha zangu na ekseli yangu ya zamani, ambayo bado mnayo.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa bidhaa inaendea kazi gani atoe bidhaa inayofaa kazi hiyo, na kazi yangu niliwaeleza kabla sijatoa hata shilingi. Siku hizo zikipita bila majibu ya maandishi, nitapeleka nyaraka na picha zote Tume ya Ushindani (FCC).

Gari liko Mbagala, limeegeshwa. Mkitaka kulikagua njooni siku yoyote ya kazi asubuhi, fundi atakuwepo.

Wenu,
Mmiliki wa gari