Baridi ya frigo haiui vijidudu

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita, katika ukurasa wenu wa afya, mwandishi aliwashauri akina mama wa Goma waweke maziwa na nyama kwenye frigo kwa kuwa baridi huua vijidudu. Mimi ni laborantini. Kazi yangu ni kupima maziwa yanayoshuka kutoka Masisi kwa pikipiki, na sentensi hiyo siwezi kuinyamazia, maana kuna watakaoiamini na kumnywesha mtoto.

Baridi hupunguza tu mwendo wa kuongezeka kwa vijidudu, na wapo ambao haiwapunguzii sana.

Acha maziwa mabichi nje tangu asubuhi: jioni yamechacha. Hiyo ni kazi ya bakteria ambao bibi zetu waliwategemea kutengeneza maziwa ya mgando. Sasa weka maziwa mabichi kama hayo kwenye frigo, digrii 4, yakae siku kadhaa. Hayachachi, yanakuwa machungu. Wateja huniletea chupa kama hizo wakilalamika kwamba muuzaji ametia dawa. Hakutia kitu. Wale wa kuchachua wamezubaa kwa baridi, na uwanja umebaki kwa Pseudomonas, bakteria mwingine anayestahimili baridi na anayekata protini ya maziwa vipande vipande. Uchungu unatoka kwenye vipande hivyo. Ukichemsha, Pseudomonas anakufa, lakini kimeng'enya, yaani protini ya kufanyia kazi hiyo, alichokwisha kumwaga humo kinastahimili moto na kuendelea kukata.

Anawezaje kufanya kazi kwenye baridi hiyo? Tazama chupa ya mawese asubuhi, hasa kule juu milimani: chini pameganda, juu kuna mafuta mekundu yanayotiririka. Palipoganda pana palmitiki kwa wingi, asidi ya mafuta ambayo minyororo yake imenyooka, ikilala pamoja inabanana. Panapotiririka pana oleiki nyingi zaidi. Mnyororo wake una kiungo maradufu katikati, hapo umepinda, na hauwezi kubanana na wenzake. Utando unaoizunguka seli ya bakteria umejengwa kwa asidi za jinsi hiyo hiyo. Palmitiki ya mawese ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye E. coli wa matumbo yetu. Utando ukiganda, chakula hakiingii vizuri, na protini zilizopachikwa humo zinakwama.

Kwa hiyo baridi inapokuja, bakteria hubadilisha mafuta yake. Mwaka 1974 mtafiti Michael Sinensky alionyesha kwamba E. coli waliokuzwa kwenye digrii 15 na waliokuzwa kwenye digrii 43 wana utando wenye ulaini karibu sawa, kila kundi likipimwa kwenye joto lake. E. coli ana kimeng'enya, FabF, ambacho hufanya kazi zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto, na hutengeneza asidi nyingi zilizopinda. Bacillus subtilis wa udongoni ana njia ambayo mimi huipenda kuliko zote. Ndani ya utando wake imo protini iitwayo DesK. Utando ukianza kukakamaa, DesK huhisi, hupeleka habari kwa protini nyingine, DesR, nayo huwasha jeni ya kimeng'enya cha kupinda minyororo. Kimeng'enya hicho hakingojei mafuta mapya. Kinapinda yaliyomo tayari kwenye utando. Ulaini ukirudi, DesK hunyamaza. Kiumbe kisichoonekana kwa macho kinapima utando wake chenyewe na kuutengeneza!

Lakini anayenifanya nishike kalamu ni Listeria, bakteria wa chakula anayeleta ugonjwa hatari. Huyu hutumia zaidi asidi zenye tawi dogo karibu na mwisho wa mnyororo, na kwenye baridi huzifupisha na kulihamisha tawi hilo mahali linapozuia zaidi minyororo kubanana. Kwa njia hiyo anaendelea kuongezeka hata karibu na digrii 0, polepole, usiku na mchana, ndani ya frigo mnayosema inaua. Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, aliingia kwenye soseji za kuliwa bila kupikwa. Watu zaidi ya 200 walifariki, na takriban wanne katika kila kumi waliougua walikuwa watoto wachanga. Mama mwenye mimba anaweza kuhisi homa kidogo tu kama ya mafua, kumbe mimba inaharibika. Dalili zenyewe zinaweza kuchelewa hata wiki kadhaa, kwa hiyo hakuna anayekumbuka alikula nini.

Sisemi watu watupe frigo. Salmonella, bakteria wa kuharisha, kwa mfano, husimama kuongezeka kwenye frigo yenye baridi ya kutosha, na hilo si jambo dogo. Ila frigo za mitaa yetu ya Katindo na Himbi nazijua: umeme unakatika usiku, asubuhi unarudi, mlango umefunguliwa mara nyingi, na sufuria ya jana inarudishwa mezani ikiwa imepashwa ukingoni tu, katikati bado baridi. Kinachoua ni moto. Listeria hastahimili digrii 72 kwa sekunde 15, na maziwa yanayochemka yamepita hapo mbali. Chemsha maziwa kwanza, yaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko, ndipo uyatie frigo, na uyanywe upesi. Chakula cha jana kipashwe mpaka kitoe mvuke katikati. Mwenye mimba asinywe maziwa mabichi hata kama yametoka kwenye baridi, wala asile soseji baridi kabla haijapikwa.

Ninaomba masahihisho yachapwe kwenye ukurasa ule ule wa afya, kwa herufi za ukubwa ule ule, na wanawake wenye mimba watajwe wazi.

Laborantini wa maziwa,
Katindo, Goma