Usiifute posho mezani

Moshi, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, natumaini nanyi Arusha hamjambo.

Barua yako nimeisoma, na iliyonigusa zaidi ni ile habari ya wachezaji wako, katika ule mchezo wetu wa mezani wa kuigiza safari za wahusika wa kubuni, kutaka kufuta hesabu ya chakula na mizigo ya wahusika wao kwa sababu inawachosha. Nakuomba usikubali haraka, maana naamini kinachowachosha si hesabu.

Angalia kanuni yenyewe. Toleo la tano la mchezo huo, Dungeons & Dragons, lile la 2014, linampa mhusika ratili 15 kwa kila alama ya nguvu. Mtu wa kawaida mwenye nguvu 10 anabeba ratili 150, yaani kilo 68, na bado mwendo wake ni uleule. Huku kwetu mpagazi wa Kilimanjaro, mtu aliyeuzoea mlima, mzigo wake hupimwa kwenye mizani getini na haupaswi kuzidi kilo 20! Basi wachezaji wako wanaandika uzito wa kila kamba na kila mwenge, halafu kikomo hakifikiwi kamwe. Jasho lote lile halibadilishi uamuzi hata mmoja. Nani asingechoka?

Ila kitabu hichohicho kina kanuni ya hiari ambayo wengi huiruka: ukizidi ratili 5 kwa kila alama ya nguvu, mwendo unapungua. Kwa mwenye nguvu 10 hizo ni ratili 50, karibu kilo 23. Nilipoiona nilifurahi sana, maana imekaribia kabisa mizani ya getini. Anza na hiyo.

Sasa weka maji. Kanuni inadai galoni moja kwa siku, mbili kukiwa na joto kali, na galoni moja ina karibu kilo 4. Posho ya siku ni ratili 2, karibu kilo moja. Kwa hiyo siku nne za nchi kavu isiyo na kisima, hata bila joto, zinakula karibu kilo 20 kabla mtu hajashika upanga. Hapo ndipo meza inapochangamka: nani avue deraya, lile vazi la kujikinga vitani, nani aongezewe kiriba, tuzunguke kuufuata mto au tukate moja kwa moja? Wapagazi wanalijua swali hilo vizuri. Kwenye njia ya Machame maji ya mwisho huchotwa bonde la Karanga. Kambi ya Barafu haina maji, kwa hiyo kila sufuria inayochemka kule juu, maji yake yamepandishwa na mtu.

Na waasisi walilielewa jambo hili. Katika toleo la kwanza la Gary Gygax na Dave Arneson, la 1974, uzito ulipimwa kwa sarafu, na mhusika alipanda daraja kwa hazina aliyoitoa pangoni. Dhahabu na chakula viligombea mgongo mmoja. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa mchezo wenyewe.

Kilo zinasumbua kuandika, nakubali. Sisi huku tunatumia nafasi. Kila mhusika ana nafasi kumi, kila nafasi ni kama kilo 2. Posho ya siku mbili ni nafasi moja, maji ya siku moja ni nafasi mbili, sarafu 200 nafasi moja, silaha moja nafasi moja. Deraya nzito tumeipa nne, kwa kuwa uzito wake umesambaa mwilini. Chora visanduku kumi kwenye karatasi ya mhusika, weka punje za maharage kwenye visanduku vya chakula na maji, na mchezaji aziondoe kwa mkono wake kila kambi inapopigwa. Wakiwa mjini penye mama lishe, usihesabu chochote.

Kuna wanaotumia dadu badala ya kuhesabu: ikiangukia namba ndogo, akiba imepungua. Kwa mishale sawa. Kwa chakula sipendi kabisa, kwa sababu msafiri anajua gunia lake lina nini, na akiishiwa iwe ni kwa uamuzi wake. Chunga pia ule uchawi wa daraja la kwanza unaozalisha matunda kumi, kila tunda likimtosha mtu siku nzima. Ukiuacha ulivyo, punje zako hazina kazi, mimi nimeuondoa.

Watakuambia, basi tukodi wapagazi. Waache wakodi, ila mpagazi naye anakula. Kilo 20 za chakula kwa wasafiri wanne na yeye wa tano haziwafikishi hata mwisho wa siku ya tano. Na akitua mzigo akarudi peke yake, posho ya kurudia anaitoa wapi? Kundi langu lilibishana juu ya hilo mpaka usiku, kwa uchungu wa kweli, kwa ajili ya mtu wa kwenye karatasi tu.

Jaribu kwenye safari moja fupi, siku tatu au nne za nyika, kisha uniandikie walichokiacha njiani na nani alikuwa wa kwanza kukitupa. Wasalimie wote nyumbani, na mama mpe shikamoo yangu.

Ni mimi rafiki yako,
wa Moshi