Bei ya mbolea tumesikia, lakini itafika lini?

Mhariri,

Kampeni za 2027 huku kwetu zishaanza kabla ya wakati wake na kila anayeshika maiki ni mbolea, mbolea. Sawa, serikali ilishusha mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 mwaka wa 2022 ikaja 3,500 kisha 2,500, hiyo siwezi kubisha. Lakini mwezi wa tatu mvua ikinyesha mimi sina hata hiyo 2,500, na hapo ndipo hawataki kugusa.

Mahindi navuna mwezi wa nane. Wiki hiyo hiyo kuna karo, kuna matanga kwa jirani, kuna deni la duka la tangu Juni, nauza magunia mawili hela inaisha hivyo tu. Machi ikifika naanza kukopa. Mwaka huu nilipanga foleni kwa ghala tangu saa kumi na moja alfajiri, boda 300 kwenda na kurudi, kufika mbele naambiwa lori halijafika nirudi Alhamisi. Alhamisi mahindi ya wenzangu yalikuwa yashachipuka.

Sasa Esther Duflo na Michael Kremer, hao waliopata Nobel ya uchumi 2019, wakiwa na Jonathan Robinson walifanya utafiti wao hapa hapa Busia, tena kwa watu wa shamba ndogo kama mimi. Walimfuata mkulima nyumbani punde tu baada ya kuvuna pesa ikiwa bado mfukoni wakamwambia lipia sasa, tutakuletea bure ukihitaji. Bei haikushushwa hata bob moja, ni usafiri tu, na bado walioweka mbolea waliongezeka sawa au zaidi ya vile walivyoongezeka bei ilipokatwa nusu baadaye, wakati wa kuweka. Nusu bei! Hebu piga hesabu hazina ya serikali ingebaki na ngapi.

Tena waliona nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo inalipa vizuri, kumbe ule mpango mzima wa wizara ya kilimo, mbegu za kisasa pamoja na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, kwa wastani ulikuwa hasara kwa wakulima hao. Mimi hupima kwa kifuniko cha soda na afisa wa kilimo alinicheka.

Mgombea akija kwetu asinitajie bei. Aniambie mwezi gani, na boda analipa nani.

Mkulima wa ekari moja na nusu,
Butula, Busia