Hamisi, usiguse nati hiyo kwanza

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Morogoro wazima, mvua zimekata, watoto wamerudi shule. Mengine siku nyingine, maana Bakari kanipigia jana usiku na sijalala vizuri. Anasema filta ya petroli umeshanunua na Jumamosi unaifunga mwenyewe, hapo hapo uani.

Sikukatazi. Fundi aliyekurudishia gari linanuka petroli mpaka ndani, hata mimi nisingempelekea tena. Lakini pikapu la marehemu baba lilikuwa la kabureta. Ulikuwa unachomoa mpira, petroli inadondoka kidogo, unaziba kwa kidole, basi. Corolla yako ni ya nozeli, petroli inapuliziwa ndani ya injini kwa presha. Pampu inasukuma kwa takriban bar 3, kupita upepo wa tairi zako, na ukizima gari presha inabaki ndani ya paipu. Ukilegeza nati ya filta hivi hivi, petroli inakurukia machoni na kumwagikia injini. Na injini ikiwa ya moto... ulikuwepo siku ya gari la mjomba Seif, sina haja ya kusema.

Inua kiti cha nyuma, chomoa soketi ya pampu, kisha washa gari liungurume mpaka lijizimie kwa kukosa mafuta. Toa waya wa hasi wa betri, acha injini ipoe kabisa. Hata hapo zungushia nati kitambaa, vaa miwani, fungua taratibu.

Bolti ya juu ya filta ina washa mbili za shaba, zile ringi bapa za kuziba. Za zamani zitupe, zimeshabonyea, haziwezi kuziba tena. Nati ya chini ifungue kwa spana mbili, moja ishikilie filta, la sivyo utaipinda paipu ya chuma. Na kama kuna mpira wa kubadilisha, usipokee wowote atakaokupa muuza duka. Soma ubavuni: wa nozeli umeandikwa SAE 30R9. Wenye 30R7 ni wa kabureta, hata akuapie.

Hayo yote utayaweza, mikono unayo. Kinachoniumiza kichwa ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unatambaa chini kufuata mteremko, na uani kwenu panateremkia jikoni kwa Mama Zuhura! Jiko lake la mkaa nalijua, halizimwi toka alfajiri. Mwombe siku hiyo apike kwa dada yake, au lisukumeni gari nje penye upepo. Taa ya balbu usiilete karibu, tumia tochi. Kizima moto cha poda kiwe karibu na mkono wako. Ndoo ya maji haisaidii, petroli inaelea juu ya maji na moto unatembea nayo.

Ukishakaza na kurudisha soketi na betri, mtu akae kwenye ufunguo awashe, wewe umulike maungio. Ukiona hata tone moja, azime hapo hapo.

Sasa nijibu. Harufu iko zaidi mbele au nyuma? Inazidi ukishajaza tangi? Maana ikiwa ya nyuma, huenda filta haina kosa, ni ringi ya mpira pale pampu inapoingilia kwenye tangi, na utakuwa umefungua mbele bure. Washa za shaba umepata? Nani atakaa kwenye ufunguo, Shabani? Na Mama Zuhura ameshaambiwa, au mnangoja asubuhi yenyewe?

Niandikie kabla ya Ijumaa. Nikiona kimya nakata tiketi ya basi, nije nishike tochi mwenyewe.

Nduguyo,
Juma